Siku Tano za Osiris

Carolina Kaskazini, 14 Mei 2000

Mama Mkubwa Eufemia,

Naomba baraka yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepungua uvimbe, na dada Nurys ameacha kugombana na yule fundi pikipiki wake. Mimi sijambo. Hapa mvua inanyesha kila alasiri na chakula chao hakina ladha, ila juzi nilipata ndizi mbichi kwenye duka la Mmeksiko, nikazichemsha, nikaziponda na kuzimwagia vitunguu vya kukaanga. Nilipika kwa nyumba nzima. Sasa wenzangu wananiita mama mpishi.

Barua hii inaletwa na Polanco mkononi, ndiyo maana naandika kwa jina langu. Ameachwa na klabu yetu ya besiboli kwa sababu ya goti. Mpe kahawa, usimuulize mengi, machozi yake yako karibu.

Nina ombi, na najua halitakupendeza. Barua za posta huwekwa juu ya meza kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo. Wenzangu wana mchezo wa kuzifungua na kuzisoma kwa sauti, wakiigiza sauti za mama zetu, na sote tunacheka. Yako ya mwisho ilianza, "Mwanangu Bienvenido." Nilimpokonya jamaa kabla hajafika mstari wa pili, nikasema hilo ni jina la utani la nyumbani. Siku nyingine sitawahi. Kwa hiyo si juu ya bahasha tu, hata ndani niite Osiris. Na mimi nitakuita Mama.

Najua ninachokuomba. Mwaka wa nne huu natembea na jina la mwanao na tarehe yake ya kuzaliwa, na wewe unayesalisha rozari za wafu wa batey nzima ya wakata miwa hujamaliza siku tisa za sala za mfu wako. Siku ya nne Don Chago, dalali wa wachezaji, alikuja na makaratasi. Alisema mtoto ambaye kifo chake hakijaandikishwa serikalini bado yu hai, na mrushaji wa miaka kumi na sita hununuliwa, wa miaka ishirini hata hatazamwi. Tukafunga sala. Nikifika ligi kuu, nikirusha hata msimu mmoja tu, nitamrudishia Osiris jina lake na utamalizia siku tano zilizobaki, kwa kengele na ng'ombe mzima. Sijasahau.

Bega liliniuma kidogo mwezi wa nne, limepona. Daktari alipiga picha mkono wote akacheka. Akasema, "Kijana, kiwiko chako kimekuzidi umri." Na mimi nikacheka.

Mwanao,
Bienvenido


Batey Guayabal, 2 Julai 2000

Mwanangu Osiris,

Mungu akubariki.

Nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Jina niliandika vizuri, shida ilikuwa kuendelea baada yake.

Kwanza nawasalimu hao vijana wanaosoma barua za watu. Najua mnanisikiliza. Mama zenu hawakuwalea hivyo. Na huyo anayeigiza sauti yangu ajue kwamba kazi yangu ni kusalisha wafu, na kwenye orodha yangu bado kuna nafasi.

Mguu uko vilevile. Nurys ana mimba ya miezi mitano, na fundi pikipiki amepaka nyumba rangi ya waridi mpaka kuku wanaogopa kuingia. Polanco alikuja, akanywa kahawa, akalia kama ulivyosema. Ameniambia habari za bega lako ambazo hazifanani na zako. Anasema asubuhi huwezi kuchana nywele kwa mkono huo, unainamisha kichwa ukifuate kitana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimewasalisha wengi waliokuwa wakificha.

Ile kazi yangu niliyoikatisha siku ya nne, unaijua, iko palepale. Wiki iliyopita nilisalisha siku tisa za marehemu Milcíades, yule aliyekuwa akipima miwa kwenye mizani. Siku ya mwisho tulipovunja madhabahu na kufungua mlango ili aende zake, nilibaki nimeushika ule mlango. Mjane akaniuliza kama kuna mwingine anayetoka. Nikamwambia hapana, nikaufunga.

Kula vizuri.

Mama yako,
Eufemia


Florida, 30 Septemba 2000

Mama Mkubwa,

Naomba baraka yako. Wamenihamishia huku kwenye kambi ya majeruhi. Nina chumba changu na barua zinakuja mlangoni, hivyo niite unavyotaka.

Polanco ana mdomo, lakini hakusema uongo. Tarehe 19 Agosti nilikuwa narusha, tunaongoza, raundi ya sita. Niliachia mpira wa kasi nikasikia kitu kimekatika ndani ya kiwiko. Mpira ulikwenda kugonga wavu nyuma ya mdakaji, juu kabisa, watu wakacheka wakidhani umeniponyoka. Kidole cha mwisho kilikufa ganzi. Kocha akaja, akaniangalia usoni, akauchukua mpira bila kuuliza.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba Osiris anatoka, watu wakapiga makofi. Hapo nikafanya ujinga nisioweza kumweleza mtu hapa: niligeuka kumtazama. Huwa inanitokea, Mama Mkubwa. Jina likiitwa uwanjani, nasubiri kidogo, namwachia yeye anyanyuke kwanza. Miaka yote hii hajawahi kunyanyuka. Siku ile nilihisi amenyanyuka, na amenitangulia kuelekea ndani.

Kano la kiwiko limekatika. Watanipasua wiki ijayo. Usiogope, ni jambo la kawaida kwa warushaji. Watu wengi wana kano moja kwenye kifundo cha mkono lisilo na kazi, wanalitoa na kulipandikiza kiwikoni. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja, utaliona likisimama. Mimi sina, kulia wala kushoto. Daktari anasema kuna njia nyingine. Nitakueleza ikishapita.

Nurys asijue, kwa hali aliyonayo.

Bienvenido


Florida, 21 Novemba 2000

Mama Mkubwa,

Naomba baraka. Hujajibu. Nimeambiwa kimbunga hakikufika huko, kwa hiyo si posta.

Walinipasua tarehe 9 Oktoba. Nina kovu lenye urefu wa kidole na mkono umefungwa chuma. Sitarusha mpaka mwaka ujao, pengine msimu wote utapita. Wameniachia nafasi yangu kwa sababu wanaamini nina miaka ishirini. Wangejua nina ishirini na minne, ningekuwa nimeshakaa na Polanco barazani kwako, tunalia zamu kwa zamu.

Niliahidi kukueleza ile njia nyingine. Walichukua kano la mtu aliyekufa. Watu wa huku wakifa wengine huacha idhini, na viungo vyao hugawiwa. Niliuliza ni nani. Wakasema majina hayatolewi.

Basi nina jina la maiti mmoja na kano la mwingine. Niandikie chochote, hata matusi.

Bienvenido


Batey Guayabal, 15 Januari 2001

Mwanangu Bienvenido,

Mungu akubariki, na heri ya mwaka mpya. Nurys amejifungua mvulana, ratili nane, anafoka kama babu yake. Mguu wangu mbaya. Mbaazi zimezaa vizuri.

Sikujibu kwa sababu nilikasirika. Mtu akikuandikia "usiogope" akiwa mbali, unamjibu nini? Halafu ikaja ya pili, nikakaa nayo kwenye kiti siku nzima, wali ukaungua.

Hawakukupa jina. Sawa. Lakini mtu huyo ana mama, na mama yake hajui kwamba sehemu ya mwanawe inarusha mipira. Sikuweza kuliacha hivyo. Nilitandika madhabahu, shuka nyeupe, mishumaa na glasi ya maji, nikatangaza siku tisa. Watu wakauliza ni za nani. Nikasema ni za mtu wa kaskazini aliyemsaidia mwanangu, jina analijua Mungu.

Siku ya kwanza walikuja sita. Nikawaeleza habari za lile kano, na wanawake wote wakaanza kugusanisha vidole na kukunja viganja, rozari nzima ikaharibika. Dada yake Milcíades hana, sasa anajiona mlemavu. Osiris alikuwa nalo, mikono yote miwili. Alipokuwa mchanga nilimfunga uzi mwekundu hapohapo, wa kuzuia kijicho, nikawa naliona likicheza chini ya uzi.

Siku ya tisa walikuja watu themanini, wamebeba viti vyao kichwani. Nani anabeba kiti kwa ajili ya mgeni asiyejulikana? Don Chago mwenyewe alisimama nje, kofia mkononi. Kila nilipofika mahali pa kutaja jina la marehemu nilinyamaza, kwa kuwa sina jina la kutaja. Katika ule ukimya niliona midomo yao ikilitamka jina la Osiris bila sauti. Batey nzima, Bienvenido. Wanajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuuza. Walilia mpaka wakamaliza chai yote ya tangawizi.

Nurys alitaka kumwita mtoto Osiris. Nikakataa, nikasema jina hilo lina mwenyewe. Akaniuliza, "Mwenyewe yupi, Mama? Wa kule au wa chini?" Mtoto anaitwa Juan Elías.

Na jambo moja nimelinyamazia. Mwaka ule uliporudi nyumbani kwa Krismasi hukulala hapa. Ulilala mjini kwa Don Chago, ukasema ni kwa ajili ya mazoezi. Kitanda nilikuwa nimekitandika.

Niandikie. Ukipenda niite Mama, hata kama hakuna anayesoma.

Eufemia


Florida, 23 Agosti 2001

Mama,

Naomba baraka. Miezi saba, najua, sina cha kujitetea. Mtoto anatambaa? Pokea hizo picha, yule mwenye masharubu ni mimi.

Mkono umerudi. Hapana, umekuja mwingine. Zamani mpira wangu ulifika maili tisini na mbili kwa saa, na kesho yake siwezi kushika kijiko. Juzi wamenipima tisini na sita. Mimi nachoka, miguu inachoka, kano halichoki. Wiki ijayo napelekwa ngazi ya mwisho chini ya ligi kuu, na kocha amesema majira ya machipuko wataniita juu. Alinishika shingo akasema, "Osiris, una miaka ishirini na mmoja, maisha yote yako mbele." Nikamwambia asante.

Mama, nakuambia kitu. Mwezi wa sita nilitimiza ishirini na mitano na nikaikumbuka siku hiyo baada ya siku tatu. Jana nilijaza fomu ya maktaba, ya kuazima vitabu tu, hakuna anayejali, nikaandika tarehe ya Osiris bila kufikiri. Nilipoiona niliogopa. Nikajaribu kukumbuka sauti yake alivyokuwa akinitania nyuma ya kiwanda, nikapata sauti yangu. Mpira wa polepole ninaowamalizia nao wapigaji ni wake, yeye ndiye aliyenifundisha kuushika, na magazeti yanasema Osiris ana mpira wa polepole wa ajabu. Hawajakosea.

Bado hatua moja. Halafu nitamrudishia.

Mwanao


Batey Guayabal, 4 Desemba 2001

Mwanangu Osiris,

Mungu akubariki. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo. Umeniita Mama mara mbili, nimehesabu. Masharubu yanakupendeza, ingawa Nurys anasema yanafanana na ya mbuzi. Juan Elías anasimama kwa kushika meza.

Tangu mambo ya Septemba huko kwenu, ubalozi unachunguza upya vyeti vya wachezaji wote. Kuna mtu anapita batey kwa batey na mkoba, anauliza majirani, anasoma misalaba ya makaburini. Kijana wa Don Chago wa kule Quisqueya amebainika ana miaka ishirini na minane, wamemrudisha. Kwetu hakuna msalaba wa kusoma, unajua kwa nini. Usijali. Akija, mimi najua la kusema.

Na hiyo habari ya kurudisha jina, usiiharakishe. Nani amekuharakisha? Mimi sijakuharakisha.

Mama yako


Florida, 22 Januari 2002

Mama Mkubwa,

Naomba baraka yako.

Uliniandikia "Mwanangu Osiris" na hapa hakuna anayesoma barua zangu. Nilikaa nayo Krismasi nzima. Wewe ndiye uliyekuwa ukinidai siku tano, sasa unaniambia nisiharakishe. Nikaelewa kwamba nikirusha mwaka mmoja zaidi, hatutakuwa na mtu wa kumsalia. Atakuwa ameisha, na mimi pia.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa meneja. Nilikuwa na maneno mengi, yakatoka machache. Nilisema, "Mimi si Osiris. Osiris alikufa kwa homa ya siku tatu mwaka tisini na sita, akiwa na miaka kumi na sita. Mimi ni binamu yake, nina miaka ishirini na mitano." Aliinuka akafunga mlango. Akaniuliza kama ninajua nilichofanya, wakati mkono umeshapona. Nikasema ndiyo. Kibali changu kitafutwa. Pengine klabu nyingine itanitaka baadaye, pengine hapana, mrushaji wa umri wangu mwenye kovu si bidhaa.

Na kuna hili, ambalo ni zito kuliko lile la ofisini. Miaka yote umeamini kwamba wazo lilikuwa la Don Chago. Lilikuwa langu. Siku ya nne ya sala, mkiwa mbele, nilimwita nyuma ya jiko nikamwambia kifo hakijaandikishwa. Yeye alisita. Mimi ndiye niliyemsukuma. Ndiyo maana sikuweza kulala katika nyumba ile.

Ukinikataa nitaelewa.

Bienvenido


Batey Guayabal, 24 Januari 2002

Mwanangu Osiris,

Mungu akubariki. Naandika kwa haraka, Nurys anakwenda mjini.

Yule mtu wa mkoba alikuja jana, mstaarabu, alikunywa kahawa yote. Akaniuliza, "Mama, mwanao Osiris yu hai?" Nikasema yu hai, anarusha mpira kaskazini. Alinipeleka mjini kwa msajili nikaapa mbele ya karani, mkono juu ya msalaba. Majirani wote walisema kama nilivyosema. Ameandika, amepiga muhuri, ameondoka ameridhika.

Mlango uko wazi, mwanangu. Panda huko juu kwenye ligi yao. Rusha.

Mama yako


Batey Guayabal, 6 Machi 2002

Bienvenido,

Mungu akubariki.

Barua zetu zimepishana njiani, unaona. Yako ilinifikia tarehe 15 Februari. Siku moja baada ya wewe kusema ukweli, mimi niliapa uongo, na kila mmoja wetu alidhani anamwokoa mwenzake. Don Chago alipopata habari alicheka peke yake barazani, halafu akaenda kulala.

Nilikwenda kwa msajili kuandikisha kifo. Karani akafungua kitabu akasema, "Mama, hapa kuna kiapo chako cha Januari kwamba yu hai. Nikuamini yupi, wewe wa Januari au wewe wa leo?" Nikamwambia hata mimi najiuliza. Anataka mashahidi wawili na wakili. Itachukua muda. Watu wa batey wameshagombania nani awe shahidi.

Sasa la nyuma ya jiko. Nilijua. Ukuta ule ni wa mbao, Bienvenido, na mimi nilikuwa nimekuja kuchukua sukari. Nilisikia kila neno, rozari mkononi. Ningeweza kutokea nikawafukuza nyote wawili. Nilirudi mbele nikawaambia watu sala imekwisha. Kwa hiyo usiibebe dhambi yote, sehemu moja ni yangu.

Na usinishukuru kwa kile kiapo, wala usinihurumie. Yule mtu aliponiuliza, nilikuwa nimeshaamua kusema kweli. Nimewaambia wafu mia nne wa hapa kwamba wamekufa, mbele ya mama zao, bila sauti kutetemeka. Nilifungua kinywa niseme mwanangu amekufa, neno moja tu, likakataa kutoka. Likatoka lile lingine. Sikusema kwa ajili ya mkono wako. Kulikuwa na mtu huko mbali akiniandikia Mama, jina lake likiandikwa kwenye magazeti, na anakula, na anaota masharubu. Nilimpenda huyo mtu. Nilijua hayupo, nikampenda.

Nurys amesema tiketi yako ni ya mwisho wa mwezi. Kitanda kimetandikwa, na safari hii utalala humu.

Jumatatu baada ya Pasaka tutaanza siku ya tano. Msajili abaki na kitabu chake, sala haimsubiri karani. Lakini ujue desturi: anayefiwa hasalishi, anayefiwa huitikia. Zile siku nne niliivunja kwa kukosa mtu. Miaka sita nimekuwa nikijiuliza nani ataongoza mbele yangu, maana hapa hakuna mwingine anayejua. Utaongoza wewe. Maneno nitakufundisha, si mengi, na jina ulimi wako umeshalizoea. Litaje lote, la baba na la mama, polepole. Mimi nitakaa kwenye kiti cha wafiwa.

Ukilitaja na usisikie kitu, usiendelee. Subiri mpaka niitikie.

Mama yako Mkubwa,
Eufemia